Kunguni Usimsingizie
Niliamka katika nyumba ya wageni mjini Mpanda, mkononi nina vipele vitatu vilivyojipanga mstari. Nikafunua shuka: madoa meusi kwenye mishono ya godoro. Kunguni!

Kunguni huwasha, lakini haijathibitika kwamba huambukiza ugonjwa. Osha kwa maji na sabuni, weka kitambaa cha maji baridi, usijikune. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto. Godoro usilinyunyizie dawa ya shambani. Hiyo ni sumu kwa mlalaji.

Ila Katavi ina mapori, na mbung'o wa porini huuma mchana. Ukiona uvimbe mmoja wenye maumivu, kisha homa, kunguni usimsingizie. Wahi hospitali upimwe damu. Malale yasipotibiwa huua.