Tuchague supamaketi kwa rafu zake, si kwa mabango

Wahenga walisema kuwa mchagua jembe si mkulima. Naamini walisema hivyo kwa sababu majembe yenyewe yalikuwa machache na shamba lilikuwa likingoja. Lau wangaliishi Ruiru au Thika siku hizi, wakaupokea mshahara mwisho wa mwezi na kutakiwa kuamua ni katika supamaketi gani watakaponunua unga, sukari, mafuta ya kupikia na sabuni, huenda wangaliifikiria upya methali hiyo. Kwani mtu wa leo asiyechagua duka lake, duka humchagua yeye.

Miji hii miwili imebadilika mno. Barabara kuu ya Thika, iliyofunguliwa rasmi mwaka wa 2012, imeigeuza Ruiru kutoka mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya kahawa hadi kuwa makao ya watu wengi. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu zaidi ya watu 490,000 mjini Ruiru na zaidi ya 250,000 mjini Thika. Penye watu hapakosi wachuuzi. Naivas na Quickmart zimefika, maduka ya wafanyabiashara wa humu humu Mlima Kenya yamepanuka, na anayetaka zaidi huabiri matatu hadi Thika Road Mall ambako Carrefour iliingia mahali palipokuwa pa Nakumatt. Swali la mahali pa kununulia vitu vya nyumbani, ambalo miaka ishirini iliyopita halikuwa swali, sasa huzusha mjadala katika kila nyumba.

Wengi wetu hulijibu kwa kuangalia mambo mawili tu: bei na umbali. Siwalaumu. Mwenye watoto watano na mshahara mmoja hana budi kuihesabu kila shilingi. Hata hivyo, bei si jambo jepesi kama linavyoonekana kwenye bango. Mimi ni mkaazi wa Ruiru na huenda Thika mara kwa mara kuwatembelea jamaa zangu, na kwa muda sasa nimekuwa na mazoea ya kuziweka risiti zangu na kuzilinganisha. Nilichokigundua ni hiki: duka linalouza sukari kwa bei ya chini kuliko mengine halikosi kuifidia tofauti hiyo kwenye sabuni, dawa ya meno au majani ya chai. Ukivijumlisha vitu vyote ambavyo nyumba hutumia kwa mwezi, tofauti baina ya supamaketi moja na nyingine huwa ndogo, na aghalabu humezwa na nauli ya matatu au ya bodaboda uliyoilipa ili kuifuata. Mwenye duka anajua kwamba bei ya sukari na ya unga imo vichwani mwetu, ilhali ya dawa ya meno hatuikumbuki. Kwa hiyo hutuita kwa ile tunayoikumbuka.

Hapa sina budi kuligusa neno ambalo limetawala mabango ya maduka haya, yaani neno ‘ofa’. Kazi yangu ni isimu, na mtu wa isimu hawezi kulipita neno bila ya kuliuliza lilikotoka na linakokwenda. Kwetu Kenya, ofa ni punguzo la bei. Kwa ndugu zetu wa Tanzania, mtu akisema mkahawani kwamba leo ni ofa yake, maana yake ni kuwa yeye ndiye atakayelipa, na wenzake watakula na kunywa bure. Mimi naona kwamba maana hiyo ya Tanzania inatufunza jambo. Katika kila ofa kuna mtu anayelipa. Katika supamaketi, anayelipa mara nyingi si mwenye duka bali ni msambazaji aliyeileta bidhaa. Yeye ndiye anayetakiwa kupunguza bei ili bidhaa yake iwekwe mahali panapoonekana, na yeye pia ndiye anayetakiwa kungoja malipo kwa wiki na miezi baada ya bidhaa hiyo kuuzwa na fedha zake kuingia sandukuni. Hata yule kijana unayemwona akipanga pakiti za unga kwenye rafu, mara nyingi mshahara wake haulipwi na duka. Hulipwa na kampuni ya unga.

Haya si maneno ya kubuni. Mnamo Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani nchini ilitangaza kuwa imeitoza kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour humu nchini faini ya takriban shilingi bilioni 1.1 kwa kuyatumia vibaya mamlaka yake dhidi ya wasambazaji wawili, mmoja wa mafuta ya kupikia na mwingine wa asali. Kampuni hiyo haikuridhika na ikakata rufaa. Wenye sheria na waendelee na kesi zao. Kwetu sisi wanunuzi, jambo la kuzingatia ni kwamba bei ya chini ina historia yake, na historia hiyo haiandikwi kwenye bango.

Msomaji ataniuliza: deni baina ya duka na msambazaji linanihusu nini mimi ninayelipa pesa taslimu na kwenda zangu? Linakuhusu, tena sana, na ushahidi tunao. Uchumi ilianzishwa mwaka wa 1975 na mashirika ya serikali ili mwananchi apate bidhaa kwa bei ya haki. Mwaka wa 1992 iliingia katika Soko la Hisa la Nairobi, na Wakenya wengi wakanunua hisa zake kwa fahari. Mwanzoni mwa Juni 2006 iliyafunga maduka yake na kuwekwa chini ya mrasimu. Ilifufuliwa mwaka huo huo, lakini mwaka wa 2015 ilikuwa imelemewa tena hata ikayafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Nakumatt, iliyochipuka kutokana na biashara ya magodoro mjini Nakuru na kuwa fahari ya Afrika Mashariki, iliwekwa chini ya msimamizi mnamo Januari 2018 ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Miaka miwili baadaye, wadai wake walipiga kura ifungwe kabisa. Tuskys, ambayo mizizi yake pia ni ya huko Nakuru, iliporomoka baina ya mwaka wa 2020 na 2021. Majitu matatu yalianguka katika muda wa miaka isiyofika ishirini, na kila lilipoanguka moja tuliambiwa kuwa hilo ni la mwisho.

Katika visa hivyo vyote, dalili ya kwanza ilikuwa rafu. Kabla ya magazeti kuandika na kabla ya mahakama kuitwa, rafu zilikuwa zimekwisha kusema. Msambazaji asiyelipwa hupunguza bidhaa, kisha huleta kwa pesa taslimu tu, na hatimaye haji kabisa. Mwenye duka naye, kwa kuona haya, huizuia aibu isionekane. Pakiti za chumvi hupangwa mstari mmoja kwa urefu wa ukuta mzima, nazo chupa za maji hutandazwa mahali palipokuwa pa maziwa. Ukiuliza bidhaa fulani, huambiwa kuwa itafika kesho. Kesho hiyo haifiki.

Ndipo hasara inapomfikia mnunuzi wa kawaida. Pointi alizozikusanya kwa miaka kwenye kadi yake hugeuka nambari zisizonunua hata kiberiti. Vocha alizopewa na mwajiri wake wakati wa Krismasi hukosa wa kuzipokea. Mtoto wa jirani aliyekuwa keshia hurejea nyumbani bila ya kazi na pengine bila ya mshahara wa miezi ya mwisho.

Kwa mkaazi wa Thika na Ruiru, hasara hiyo ni mara mbili, na hili ndilo ninalotaka tulitafakari zaidi. Hebu tuyasome maandishi yaliyo kwenye pakiti tunazozinunua. Mafuta ya kupikia ya Bidco yanatoka Thika. Unga wa Soko unasagwa na kampuni ya Capwell, Thika. Mikate ya Broadways na ya Kenblest inaokwa Thika. Mananasi ya Del Monte yanatoka katika mashamba tunayoyaona tukiwa njiani, na maziwa ya Brookside yanatoka Ruiru penyewe. Ni wachache miongoni mwetu wasiokuwa na ndugu, mpangaji au jirani anayefanya kazi katika mojawapo ya viwanda hivyo, au anayewauzia chai na chapati wafanyakazi wake langoni. Supamaketi isipomlipa mwenye kiwanda, mwenye kiwanda hupunguza zamu. Zamu zikipunguzwa, vibarua wa Makongeni na Kiandutu hukaa nyumbani, na mwenye nyumba hukosa kodi. Hivyo basi, pesa tulizozitoa kwenye kaunta kwa kununua mkate uliookwa na majirani zetu huenda zisirudi kamwe kwa majirani hao. Miji mingine hununua bidhaa za mbali. Sisi hununua jasho letu wenyewe, na tunapaswa kuwa wa kwanza kuuliza iwapo jasho hilo limelipwa.

Najua kuna watakaosema kuwa wenye viwanda hivi ni matajiri wasiohitaji huruma yetu. Ni kweli kwamba kampuni kubwa inaweza kustahimili deni la miezi mitatu. Lakini mama anayetengeneza maziwa ya mgando kwa mtindo wa nyumbani, au kikundi cha vijana wanaopakia asali na njugu, hakina akiba hiyo. Kucheleweshewa malipo mara mbili tu ni kufungiwa biashara. Rafu ikibakia na bidhaa za makampuni makubwa pekee, chaguo letu hupungua na bei hupanda, na hapo hata yule asiyejali haki atajali mfuko wake. Rahisi ghali, walisema waliotutangulia.

Basi tufanyeje? Sitaki kumwambia mtu aende Naivas au Quickmart au duka la mwananchi wa mtaani, kwa sababu hali ya duka hubadilika, na tawi moja huweza kuwa zuri ilhali jingine la kampuni iyo hiyo ni baya. Ninachoweza kutoa ni vipimo vichache. Kwanza, linganisha jumla ya kapu lako zima la mwezi, pamoja na nauli, wala si bei ya kitu kimoja kilicho kwenye bango. Pili, soma uzito kabla ya bei, kwani pakiti mbili zinazofanana kwa sura huenda zisifanane kwa gramu. Tatu, ilinganishe risiti yako na bei iliyobandikwa kwenye rafu. Katika duka moja ambalo sitalitaja, nimewahi kuona bei mbili tofauti za sabuni moja, ile ya rafuni na ile ya kwenye mashine, na anayenufaika na tofauti ya namna hiyo si mnunuzi. Nne, na hiki ndicho kipimo kikuu, ziangalie rafu kila unapoingia. Iwapo maziwa, mkate na unga, ambavyo huletwa kila siku na huhitaji kulipiwa upesi, vimeanza kukosekana kwa wiki mbili tatu mfululizo, usingoje tangazo. Zitumie pointi zako siku iyo hiyo, usinunue vocha, na uanze kutafuta duka jingine.

Tano, tusiitie mizigo yetu yote katika jahazi moja. Mboga, nyanya, viazi na ndizi havina sababu ya kununuliwa chini ya taa za umeme na kuwekwa katika sahani za plastiki. Soko la Madaraka mjini Thika na soko la Ruiru yako wazi, na maharagwe yanayopimwa kwa gorogoro mbele ya macho yako mara nyingi huwa nafuu kuliko yale ya pakiti. Mama mboga wa mtaani, aidha, hukukopesha tarehe 25 mshahara ukiwa umekwisha, jambo ambalo hakuna supamaketi itakayokufanyia kwa kukujua jina tu. Tukimhama kabisa kwa ajili ya ofa, siku supamaketi itakapofunga milango hatutamkuta pale tulipomwacha.

Serikali nayo ina wajibu wake. Sheria ya kuwalinda wasambazaji dhidi ya wanunuzi wenye nguvu ipo, na Mamlaka ya Ushindani imeonyesha kwamba ina meno. Kilichobakia ni uwazi. Ingefaa kila kampuni kubwa ya maduka ilazimishwe kutangaza, angalau mara mbili kwa mwaka, inachukua siku ngapi kuwalipa wasambazaji wake. Mwenye benki anazo habari hizo na msambazaji anazo. Ni mnunuzi peke yake, ambaye pesa zake ndizo zinazoyaendesha haya yote, anayebahatisha kwa kuzikodolea macho rafu. Hadi siku hiyo ya uwazi itakapofika, macho hayo ndiyo silaha tuliyo nayo, na heri kuyatumia mapema kuliko kuambiwa na karatasi iliyobandikwa kwenye mlango uliofungwa.