Ini na Pombe

Katika nchi ya Fizi, kutoka milimani mpaka Baraka, ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, watu hulima muhogo na mahindi. Hivi ni vyakula vyema. Lakini watu wengine huvipika wakapata lutuku, pombe kali sana.

Ndani ya mwili, upande wa kuume, chini ya mbavu, kuna ini. Ini la mtu mzima lina uzito wa kilo 1 na nusu hivi. Damu itokayo matumboni hupita kwanza hapo. Kama mama achekechavyo unga, ini hushika akiba ya chakula na kuvunja sumu.

Mvuvi anywapo lutuku kila jioni, tumbo huumia kwanza. Ngozi laini ya ndani huvimba. Mtu hupata kiungulia, hutapika asubuhi, wala hana hamu ya kula. Kisha pombe huingia katika damu na kufika ini. Ini huivunja polepole; kuoga maji baridi hakuliharakishi.

Siku zikipita, ini hujaa mafuta. Mvuvi hasikii maumivu, hudhani yu mzima. Akiacha pombe wakati huo, ini huweza kupona. Asipoacha, ini hupata makovu, likawa gumu. Damu haipiti vema tena. Macho huwa ya manjano, mikono hukonda, tumbo hujaa maji. Pengine mishipa ya kooni hupasuka, akatapika damu.

Ndipo majirani husema, "Amerogwa." Sivyo. Tena si kila mwenye tumbo kubwa ni mlevi. Kichocho kipatikanacho majini, na homa ya ini ya aina B, huharibu ini hata la mtu asiyeonja pombe. Basi mgonjwa asichekwe, wala jirani asishitakiwe uchawi. Mgonjwa apelekwe hospitali upesi.

Anywaye kila siku kwa miaka mingi asiache peke yake kwa ghafula, maana aweza kutetemeka na kuanguka kifafa. Daktari amsaidie. Naye mtoto akitumwa kuonja lutuku, akatae kwa adabu. Ini ni moja tu.

Maswali
1. Ini liko wapi, na kazi yake ni nini?
2. Kwa nini mnywaji hudhani yu mzima?
3. Taja magonjwa mawili mengine yaharibuyo ini.