Mstaafu na Jumba la Shambani

Mzee wangu alipostaafu ualimu, aliiacha nyumba ya shule yenye vyumba vinne akarejea kwetu Nyamira. Sisi wanawe tulitaka kumjengea jumba kubwa zaidi. Akakataa katakata. Shamba lilikwisha gawanywa, kwanza baina ya ndugu zake, kisha baina yetu. Kila chumba kingemeza mistari ya michai ya wajukuu. Akajenga vyumba viwili. Makabati yakauzwa, vitabu nikapewa mimi.

Nilimhurumia, kumbe nilikosea. Katika Ekegusii, neno enyomba ni nyumba, na vilevile ni uzao wa mama mmoja. Mstaafu wa Kisii au Nyamira anayemalizia kiinua mgongo chake kwenye jumba huikuza enyomba ya kwanza kwa kuipokonya ya pili ardhi. Wahenga walinena: mtu hujikuna ajipatapo.