Kuvunjika kwa Koleo Si Mwisho wa Uhunzi

Mara nyingi twasikia watu wakimsema jirani aliyefanikiwa, "Yule ana bahati." Wengine huongeza, "Yule ana ndugu mkubwa serikalini." Hatukatai: bahati iko, na ndugu wakubwa wapo. Lakini wako pia watu wengi wa kawaida, wasio na cheo wala urithi, ambao wamejenga nyumba, wamesomesha watoto, na neno lao lasikilizwa mtaani. Hao walipita njia gani? Ili kulijibu swali hilo twawaalika wasomaji wetu waje nasi Kisangani, mji ulio penye maporomoko ya mto Kongo. Huko watu walijaribiwa sana, na majaribu huonyesha tabia ya mtu kama moto unavyoonyesha dhahabu.

MJI ULIOKATIWA NJIA

Kisangani, ambayo hadi 1966 iliitwa Stanleyville, ilijengwa na biashara ya mto. Meli kutoka Kinshasa zilipanda safari ya kilometa 1,700 hivi, zikatia nanga hapo, kwa maana juu yake maporomoko yazuia njia. Lakini katika miaka ya 1990 mambo yaligeuka. Uporaji wa 1991 na 1993 uliharibu biashara katika miji mingi ya nchi, iliyoitwa Zaire wakati ule. Watumishi wa serikali walikaa miezi mingi bila mshahara. Vita ya 1998 ikaukata mto, meli za Kinshasa zisiweze kupita, na petroli ikawa adimu. Kisha, tangu tarehe 5 hadi 10 Juni 2000, majeshi ya Rwanda na ya Uganda yalipigana ndani ya mji wenyewe. Mamia ya raia waliuawa, na nyumba nyingi zikabomolewa.

Basi, katika miaka hiyo ya dhiki, motokaa zilipokosekana, watu wa Kisangani waligeukia baiskeli. Walitia mto laini juu ya kiti cha nyuma, wakabeba abiria kwa nauli ndogo. Baiskeli hizo ziliitwa toleka, neno la Kilingala lenye maana ya "tupite". Jina hilo lawafaa kweli: njia zote zilikuwa zimefungwa, nao wakasema, tupite!

KAZI HAINA AIBU

Waendesha toleka hawakuwa wote vijana wasiosoma. Walikuwamo wanafunzi wa chuo kikuu, na hata walimu. Tufikiri kidogo juu ya jambo hili. Mwalimu aliyezoea kuamkiwa kwa heshima anasimama kando ya soko akingoja abiria, na huenda abiria huyo ni mzazi wa mwanafunzi wake. Jua ni kali, shati limelowa jasho, na wako wanaocheka. Kumshinda njaa ni kazi; kuishinda aibu ni kazi kubwa zaidi.

Twawajua vijana waliomaliza shule wakakaa nyumbani miaka mitatu wakingojea kazi ya kalamu, huku mama yao akiuza mihogo ili wapate kula. Hatuwalaumu kwa kutamani kazi ya kalamu. Twawauliza tu: ni kazi gani iliyo aibu zaidi, ya kukanyaga baiskeli, au ya kula jasho la mama? Anayeanza na kitu kidogo alichonacho leo, kesho ana pa kusimama. Anayengoja kitu kikubwa, kesho bado anangoja.

KITUNZE CHOMBO CHAKO

Tabia ya pili twaweza kujifunza kwa Wagenia, wavuvi wa tangu zamani wa Kisangani. Hao husimamisha magogo makubwa katikati ya miamba, mahali penye mkondo mkali, wakayafunga kwa kamba za porini. Juu ya magogo hayo huning'iniza mitego ya kusukwa, yenye mdomo mpana na mkia mwembamba. Samaki akichukuliwa na maji huingia, na nguvu ya mkondo yamzuia asitoke.

Mgeni akitazama husema, "Kazi rahisi! Mto wenyewe wawavulia samaki." Lakini haoni kazi iliyotangulia. Magogo hayasimami kwa mkono wa mtu mmoja, wala mtumbwi haukatizi mkondo ule kwa kasia moja. Mitego yapasa kukaguliwa, kamba iliyochakaa ibadilishwe, na gogo lililochukuliwa na mafuriko lisimamishwe jingine. Mvuvi akiiacha kamba mbovu kwa sababu ya uvivu wa siku moja, mto haumhurumii.

Ndivyo ilivyokuwa kwa baiskeli. Mwenye busara aliukagua mnyororo jioni, akakaza skrubu na kuliziba tundu la tairi kabla halijawa kubwa. Mwingine alilala tu, na asubuhi, wakati abiria ni wengi, yeye alikuwa kando ya barabara akitafuta fundi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwenye cherehani, jembe au duka na alishike neno hilo.

HABA NA HABA, NA NENO LA MTU

Wengi hawakuwa na baiskeli yao. Waliikodi kwa mwenyewe, wakamlipa sehemu ya mapato. Mtu wa namna hiyo atapataje baiskeli yake mwenyewe? Tufanye hesabu. Akiweka kando nauli ya abiria mmoja tu kila siku, kwa siku 26 za kazi katika mwezi, mwisho wa mwaka amejiwekea nauli 312. Akiinywa nauli hiyohiyo moja kila jioni, mwisho wa mwaka ameipoteza kiasi kilekile, na hajui ilikokwenda. Chovya chovya humaliza buyu la asali. Katika jambo hili baba asijifiche mkewe. Nyumba ambayo mume na mke wanajua pamoja kilichoingia na kilichotoka, hiyo ina mlinzi wawili.

Lakini fedha iliyo nyumbani huvutwa na kila shida. Ndiyo sababu watu wa Kongo wana desturi ya likelemba. Tuseme watu 10 wanapatana kutoa kiasi kimoja kila juma. Juma la kwanza mmoja wao huchukua fungu lote, juma la pili mwingine, mpaka wote 10 wamepata. Hakuna riba, na mara nyingi hakuna karatasi.

Je, katika likelemba ni nani anayejaribiwa? Anayengoja zamu yake hutoa kwa urahisi, maana ana tumaini la kupokea. Anayejaribiwa ni yule aliyepokea wa kwanza. Amekwisha kununua baiskeli yake, na bado majuma tisa yamebaki ya kutoa. Akitoa mpaka mwisho, amepata baiskeli na jina jema. Akitoroka, amepata baiskeli tu, na siku atakapougua au kufiwa hatamwona mtu mlangoni. Ahadi ni deni.

TUSIDANGANYANE

Hatupendi msomaji afikiri kwamba kila maskini ni mvivu. Mabomu ya Juni 2000 hayakuuliza ni nani mwenye bidii. Yaliwaua wenye kuweka akiba na wasioweka. Watu waaminifu walipoteza kwa siku sita mali ya miaka 20. Anayewatazama hao na kusema, "Wamejitakia," hana haki wala huruma.

Lakini kuna mali ambayo bomu haliwezi kuichoma. Mwenye nyumba iliyobomolewa, akiwa amezoea kuamka mapema, kutunza chombo, kuhesabu fedha na kutimiza neno, bado anayo mambo hayo asubuhi ya pili. Ndiyo koleo la kwanza la uhunzi mpya. Na amani iliporudi, mto ukafunguka na pikipiki zikaingia mjini kwa wingi, ni nani aliyekuwa tayari? Ni yule aliyejua tayari kutunza baiskeli, kuwaheshimu abiria na kuaminiwa na wenzake.

Basi, baba, mama, nanyi vijana, jioni hii kabla ya kulala kila mmoja na ajiulize maneno manne: Leo ni kazi gani niliyoidharau? Ni chombo gani nilichokiacha kiharibike? Ni fedha gani iliyonitoka nisijue ilikokwenda? Ni nani anayelingojea neno langu? Asiogope majibu yakiwa mabaya. Achague moja tu, na kesho alitengeneze.