Saratani ya Tezi Dume: Je, Lazima Kisu?

Wengi wetu tukisikia saratani, akili inakimbilia upasuaji. Mimi nasomea ualimu, si udaktari, lakini utafiti wa ProtecT wa Uingereza umenifikirisha. Wanaume 1,643 ambao saratani yao ilikuwa haijatoka nje ya tezi dume waligawanywa bila kuchagua: wengine upasuaji, wengine mionzi, wengine kufuatiliwa tu kwa kipimo cha damu cha PSA. Matokeo ya miaka 15 yalitoka 2023. Katika kila kundi, takriban 97 kati ya 100 hawakuuawa na saratani hiyo. Kwa waliofuatiliwa ilisambaa karibu mara mbili zaidi. Waliopasuliwa nao walisumbuliwa zaidi na kuvuja mkojo na kupungukiwa nguvu za kiume (hili wazee hawalitaji kwenye kikao cha ukoo).

Ila jamani, tusiyabebe matokeo haya kichwakichwa. Karibu wote walikuwa Wazungu, tena waligundulika mapema. Hapa Tanzania wengi hufika hospitali ugonjwa umeshasambaa. Baba mdogo ameambiwa anayo, na ukoo umeshaanza kuchangishana pesa za upasuaji. Nimemwomba kwanza amuulize daktari: imefika wapi?