Roboti hufundishwaje mambo ambayo hata mtoto anayajua?

Ukimtuma mtoto akuletee kikombe cha chai, humwelezi kwamba chai humwagika kikombe kikiinama, wala kwamba ikiwa ya moto huunguza. Roboti haijui lolote kati ya hayo mpaka ifundishwe. Inaweza kukishika kikombe barabara, ikakipindua njiani na kuendelea na safari.

Maarifa haya ya kawaida, ambayo sisi hatukumbuki hata tuliyapata wapi, yamewasumbua wataalamu wa akili bandia tangu miaka ya 1950, pale Mmarekani John McCarthy alipopendekeza kompyuta ipewe maarifa ya kila siku kwa lugha ya mantiki. Mwaka 1984, Douglas Lenat alianzisha mradi wa Cyc huko Austin, Texas. Wataalamu wakaanza kuyaandika, kauli moja baada ya nyingine, hadi zikafika mamilioni. Lenat alifariki mwaka 2023, na kazi hiyo haijaisha.

Siri iko katika mpangilio. Maarifa hupangwa kama ukoo: uji ni kimiminika, na kimiminika humwagika chombo kikiinama. Kwa hiyo roboti huhitimisha yenyewe kwamba bakuli la uji libebwe wima, ingawa hakuna aliyeiandikia kanuni ya uji.

Katika Chuo Kikuu cha Bremen, Ujerumani, Michael Beetz na wenzake hutumia mfumo uitwao KnowRob kwa roboti za jikoni. Ikiagizwa kuleta maziwa, roboti inaweza kufikiri hivi: maziwa huharibika, vinavyoharibika huwekwa kwenye friji, basi nianzie huko.

Lakini kanuni zina mipaka. Ndege huruka, ila mbuni haruki. Na katika nyumba isiyo na friji, maziwa huenda yamo kwenye sufuria, yamekwisha kuchemshwa. Basi tujiulize: maarifa ya "kawaida" ni ya jiko la nani?

Siku hizi programu hujifunza zenyewe kutokana na maandishi mengi, na hubahatisha vizuri, ingawa hata zinapokosea huweza kujibu kwa uhakika uleule. Maarifa yaliyopangwa yana faida moja kubwa: roboti ikimmwagia mgonjwa chai ya moto, tunaweza kufuatilia ni kanuni ipi iliyoipotosha, tukairekebisha kabla haijamuunguza mwingine.