Kuonyesha Nia si Kuagiza: Neno Moja la Soko la Hisa

Wanafunzi wetu wa tafsiri hukwazwa na maelezo ya hisa za Marekani yanaposema kuwa mwekezaji "ameonyesha nia" ya kununua. Aghalabu huandika "ameagiza" au "ameahidi". Kosa hili si dogo, kwani humfanya msomaji adhani tayari ana deni.

Chini ya Sheria ya Dhamana ya Marekani ya mwaka 1933, kampuni ikishawasilisha maombi ya usajili yaweza kuzinadi hisa zake mpya, lakini haiwezi kuziuza mpaka usajili uanze kufanya kazi. Katika kipindi hicho mabenki yanayosimamia mauzo huwapa wawekezaji waraka wa awali, huwauliza wangependa hisa ngapi na kwa bei gani, kisha huandika majibu daftarini. Haipokelewi hata senti moja, na mwekezaji anaweza kujitoa bila adhabu. Kwa maneno mengine, hapana arbuni. Ajuaye desturi za posa ataelewa upesi: mshenga amepita kuulizia tu, hata kishika uchumba hakijatolewa.

Hata hivyo, maneno hayo yasiyofunga ndiyo huongoza bei. Wawekezaji wakubwa, wakijua kwamba watapunguziwa, hutaja hisa nyingi kuliko wanazohitaji, na daftari hufura. Mwezi Mei 2012 Facebook ilipandisha makadirio yake kutoka dola 28 hadi 35 kwa hisa na kuyafanya 34 hadi 38, ikauza kwa 38. Septemba mwaka huo hisa hiyo ilikuwa chini ya dola 20. Sisemi daftari pekee ndilo lililoleta anguko hilo, ila aliyesoma "nia" kama "ahadi" alikuwa na sababu moja zaidi ya kudanganyika.

Jirani zetu wa Kenya walipouziwa hisa za Safaricom mwaka 2008, mambo yalikuwa tofauti. Mwananchi alijaza fomu na kulipa kwanza, shilingi 5 kwa kila hisa. Maombi yakazidi hisa zilizokuwapo, na fedha za ziada zikarudishwa. Hapo "kuomba hisa" ni sahihi kabisa, na "kuonyesha nia" ingekuwa tafsiri potofu.

Kwa matini za Marekani napendekeza "kuonyesha nia isiyofunga". Na panapohitajika kitenzi, kiambishi -nge- kinatosha: "angenunua hisa 500", si "atanunua".